Jemadari wa Hariri na Suruali ya Chuma

Ulikuwa mwaka ule barabara yetu ilipotiwa lami. Hapana, nasema uongo, lami ilitangulia. Huu ulikuwa mwaka lami yenyewe ilipoanza kubanduka. Basi mwaka huo mtaani kwetu alitokea jemadari asiyepata kuonekana tangu dunia iumbwe, na alitokea chini ya ngazi, nyuma ya cherehani!

Alikuwa fundi wa nguo. Kazi yake aliifanyia chini ya ngazi za ghorofa, mahali ambapo ukisimama wima unaacha ngozi ya kichwa. Siku gemu jipya la simu, Bonde la Majoka, lilipotoka, alilipakua hata chai hajanywa.

"Gemu hili limetengenezwa kwa ajili yangu!" akamtangazia jirani yake muuza viatu. "Majoka yatahama yenyewe!"

"Wewe? Panya akipita tu unapanda juu ya meza."

"Panya ni panya, bwana. Joka ni joka!"

Gemu lenyewe ni hivi: unajiundia mtu wako, unampa jina, unamvisha, kisha unapangwa kikosi kimoja na mchezaji mwingine usiyemjua, mnapigana bega kwa bega na kuandikiana humo humo. Fundi akajiita Jemadari Mkuu. Mlangoni mwa bonde akamkuta mzee mwenye ndevu, mtu wa gemu tu, si wa nyama na damu. Fundi akamwandikia kwa adabu zote: "Shikamoo."

Mzee akajibu, "Chukua upanga!"

"Umeona?" fundi akafoka. "Hata wazee wa humu hawaitikii salamu!"

Kufika kwenye duka la mavazi ya vita, ufundi ukampanda kichwani. Akaitazama deraya ya chuma mpaka pua ikagusa kioo. "Bega limekwenda kombo! Pindo hakuna! Nife nimevaa uchafu huu?" Akatoa dhahabu yote aliyopewa ya kuanzia, akanunua joho la hariri ya zambarau, lenye tarizi kifuani.

Akaingia vitani amependeza kama bwana harusi. Popo wa kwanza akamuua. Akafufuka, akauawa na wa pili. Kuna bata mmoja, bata jamani, alimuua na bado akarudi kumdonoa maiti!

Aliyemnusuru kila mara ni mwenzake wa kikosi, aliyejiita Kifaru Mkimya, mwenye shoka na suruali ya chuma. Hasemi neno. Anakata, anafuta shoka, anamngoja. Na fundi, badala ya kushukuru, akamwandikia: "Wewe Kifaru! Kupigana unajua, ila suruali hiyo imekupwaya makalioni kama gunia tupu. Njoo kwangu nikupunguzie!"

Kifaru akakata popo mwingine.

Sasa, kulikuwa na jambo lililomkosesha fundi raha kuliko joka lolote. Mama mkwe wake, mkunga mstaafu, mpole wa maneno machache, alikuwa na chumba cha mbele kilichotazama barabara: dirisha pana, dari ya juu. Mpangaji alikuwa amehama. Fundi alikitamani chumba kile kiwe duka lake mpaka akawa anakiota na mapazia yake. Lakini mama mkwe alisema neno moja tu: "Nitampa mtu aliyetulia."

Siku ya kupewa jibu la chumba, fundi akapiga shati pasi, akaenda na mkewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kazi?"

"Kazi tu, mama! Mie na cherehani, cherehani na mie. Si kama wanaume wa siku hizi, kutwa kwenye magemu."

Mkewe akakohoa.

"Kwani magemu ni mabaya?" mama mkwe akauliza.

"Upuuzi mtupu, mama! Mtu mzima na akili zake, anakimbizana na popo!"

Mama mkwe akanyoosha mkono wenye ufunguo. Papo hapo mfuko wa fundi ukalia: Puuuu! Baragumu la Bonde la Majoka, linaloita kikosi joka likitokea.

"Hiyo... hiyo ni simu ya mteja, mama."

Puuuu! Safari hii si mfukoni. Sauti ilitoka chini ya mto wa kiti cha mama mkwe.

Mama akavaa miwani, akatoa simu, akaisoma. Akamtazama mkwewe. Akaisoma tena.

"Kikosi chetu ni watu wawili tu," akasema polepole. "Mwanangu, wewe ni fundi. Kuna mtu kaniandikia kwamba suruali yangu imenipwaya makalioni. Hebu niambie, kitaalamu."

Fundi akatafuta pa kuingia. Sakafu ile haikuwa na hata ufa! Mkewe alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika.

Ufunguo ulitoka, lakini ulipita mbele ya pua ya fundi ukatua kiganjani mwa mkewe. "Duka ni lako, binti yangu. Huyu umwajiri ukiona ametulia. Na wewe, Jemadari, vua hilo joho. Joka linatungoja."

Leo fundi anashona katika chumba cha mbele kwa amri ya mkewe, na Jemadari Mkuu anavaa chuma kama wenzake. Nikipita kupumzisha miguu, humuuliza jambo dogo tu, naye hujaza pini mdomoni asijibu. Nilimuuliza mkewe, akacheka mpaka akatoka nje. Mama mkwe naye nilimuuliza, akanitazama juu ya miwani, nikakumbuka kuwa nina safari. Wala sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kujua tu: suruali ile, kwani ni kweli ilikuwa inapwaya?