Lebo za Kitabu cha Mabomba

Jumatatu, 3 Machi
Mkutubi kanipigia simu. Kitabu changu, Mabomba na Maungio Yake, hakijaazimwa tangu kifike maktabani. Asipotokea wa kukiazima kufikia Ijumaa, kinaondolewa rafuni. Miaka thelathini ya ufundi bomba, kitabu kimoja tu maishani! Ndugu wa mwandishi hawahesabiwi, nimeuliza. Roho inaniuma.

Jumanne, 4 Machi
Njia imepatikana. Katalogi ya maktaba mtandaoni inamruhusu kila msomaji kubandika lebo, yaani maneno yake mwenyewe, na anayetafuta maneno hayo anakiona kitabu. Nimebandika: mapenzi. Kisha: upelelezi, mitihani, kupunguza unene. Nikajipongeza kwa chai.

Jumatano, 5 Machi
Msusi mmoja alikuja mbio kukitafuta. Akasomea palepale, kisha akamlalamikia mkutubi kuwa amefika ukurasa wa arobaini na hajaona wapendanao, ni koki tu. Akaenda zake mikono mitupu. Mkutubi amezifuta lebo zangu zote. Aliniuliza kwa upole kama namjua aliyezibandika. Nikasema simjui. Aibu!

Alhamisi, 6 Machi
Kuna lebo mpya: "Kinaleta usingizi." Kazi ya shemeji, kaka wa mke wangu, mwalimu mstaafu anayebandika lebo kama anayesahihisha madaftari. Nimemfuata kwake. Wala hakukana. Eti ile nakala niliyomzawadia ameisoma mara mbili, na mara zote mbili amelala fofofo, jambo ambalo halijamtokea tangu astaafu. Nimeondoka bila kuaga.

Ijumaa, 7 Machi
Nilikwenda kukiaga kitabu changu. Nafasi yake rafuni tupu. Machozi yakanilenga. Mkutubi akacheka, akasema kimeazimwa! Amekichukua nesi wa zamu ya usiku ambaye mchana usingizi humpiga chenga, na watu sita wako kwenye foleni. Wote walitafuta neno usingizi. Kitabu kinabaki. Nimetembea hadi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumamosi, 8 Machi
Mama watoto anataka nikamshukuru kaka yake. Kwa tusi lile? Nimemwomba mkutubi aifute lebo hiyo. Akanisihi nifikirie tena, nikakaza uzi, akakubali shingo upande. Mahali pake nimebandika yangu: "Ukikianza hulali." Sasa foleni itafika barabarani.