Tamthilia Mbili kwa Kila Mtahiniwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa leo ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa msaidizi wangu, uliyenishikia kiti. Waheshimiwa wajumbe wa bodi mliofika, mlioko njiani na mliotuma udhuru. Mwalimu mkuu, walimu, wazazi, watahiniwa, na yeyote ambaye sikumtaja, ajue yumo moyoni! (Makofi. Mwalimu wa zamu anawakazia macho wanafunzi wa nyuma, nao wanapiga.)

Nimesimama mbele yenu, kwa unyenyekevu ambao wengi wamenisifia, kuzindua Mpango Mkakati Jumuishi wa Mazoezi ya Insha Linganishi, ambao kwa lugha ya kitaalamu ni frimweki, na kwa lugha ya mwananchi wa kawaida ni hivi: mtihani unamtaka mtahiniwa alinganishe tamthilia mbili, basi apewe tamthilia mbili, azisome, aandike insha mpaka mkono uzoee. Wazo hili lilinijia seminani, kabla ya chai. (Makofi hafifu.)

Wabaya wangu husema siyajui ya madarasani. Nayajua! Mwaka jana niliingia darasani kwa mwalimu wa fasihi, mama yule pale aliyekunja mikono, nikakuta wanafunzi hamsini na wawili na tamthilia moja. Nikamuuliza, "Mwalimu, ya pili iko wapi?" Akanijibu, "Mzee, hata hiyo moja ni yangu, niliisomea chuoni." Nikamwambia, "Tumia ubunifu." Basi akachukua wembe, akaipasua mgongoni, nusu ya mwanzo akawapa wa dirishani, nusu ya mwisho wa mlangoni, kisha wakabadilishana. Huo, ndugu zangu, ndio usimamizi shirikishi wa rasilimali! (Makofi. Mwalimu wa fasihi hapigi.)

Na mtihani ulipofika, asilimia mia moja walijibu swali la ulinganishi! Walilinganisha tamthilia ya mjane anayekataa kuuza shamba na tamthilia ya mjane anayelia kwa kuwa ameliuza, wakahitimisha kwamba waandishi hao wawili wana mtindo unaofanana sana. (Kicheko, kinakatika ghafla.) Kwamba msahihishaji aliwapa sifuri, hilo ni la msahihishaji, sisi tulihesabu waliojibu.

(Msichana wa mstari wa tatu anasimama: "Mheshimiwa, dada yangu alikuwa mmoja wao. Alitaka ualimu. Sasa anafua nguo za watu. Na sisi mtihani wetu ni Jumatatu. Vitabu viko wapi?")

Swali zuri sana, binti yangu, na uzuri wa swali haupungui kwa kukosa jibu. Mwambie dada yako kwamba ofisi inamtambua. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na ndiyo maana hadi robo hii ya tatu tumefikia asilimia themanini na saba nukta nne ya kuelekea kuanza, jambo ambalo watangulizi wangu hawakulifikia hata kwa ndoto! (Mwalimu mkuu anapiga makofi peke yake, anaacha.)

Sasa nikisema "Linganisha!" mjibu "Tofautisha!" Linganisha! (Sauti moja, ya dereva wake: "Tofautisha!") Hamjala? Linganisha! (Dereva tena.)

Kwa kuhitimisha, naishukuru kamati ya kuteua tamthilia, ambayo itaundwa mara tu mpango utakapopitishwa. Namshukuru mchapishaji, ambaye hatujampata. Nawashukuru wafadhili, ambao bado hatujawaandikia. Na kwa namna ya pekee namshukuru katibu muhtasi wangu, aliyenichapia hotuba hii jana, maana ndiyo karatasi pekee ya mpango huu iliyopo duniani. Asanteni, na Mungu awabar...

(Mwalimu wa fasihi amesimama. Anaelekea darasani, na watahiniwa wanamfuata, benchi baada ya benchi.)

Jamani, mnakwenda wapi? Bado picha ya pamoja!