Wapiga Mbizi Wameikalia Meza Yetu

Kwa Mheshimiwa Meya Florian Reisenbichler,
Ofisi ya Kijiji, Steinwinkel.

Mheshimiwa Meya, na wewe pia mwanangu wa ubatizo,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ndiye niliyekushika siku ya ubatizo wako, ukapiga kelele hadi padri akakosea sala, kwa hiyo nakuomba unisome mpaka mwisho. Ijumaa hii baraza litapiga kura kama wapiga mbizi waendelee kuzama katika ziwa letu, kwenye vituo vile vitatu mlivyoviwekea vibao vya buluu. Kwa unyenyekevu mkubwa naomba mseme hapana. Tena kuwakatalia tu hakutoshi: ziwa lifungwe, na kama kuna kufuli ya kulitosha, litiwe kufuli. Sababu zangu ni hizi.

1. Kituo cha kwanza, Ukuta Mweusi. Ni mwamba ulio mbele ya dirisha la jikoni kwangu, unaoshuka wima hadi kwenye giza na baridi ambako hata samaki hakai kwa hiari yake. Watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, wanatoka mjini alfajiri kuja kuutazama. Nilimuuliza mmoja wao, Renate, daktari wa meno wa Linz, ameona nini huko chini. Akanijibu macho yakimng'aa: "Ukuta, mzee wangu! Ukuta mtupu!" Lo! Si angeniambia tu nimwonyeshe ukuta wa ghala langu, akauona bila kulowa? Na kabla ya kuuona huo ukuta, wanavua nguo kando ya barabara kuvaa zile suti za mpira, makalio nje, nami nakunywa kahawa yangu. Hata haya hawana.

2. Kituo cha pili, mnachokiita Msitu. Msitu gani? Yale ni magogo yaliyotuponyoka mimi, Korbinian na Vinzenz enzi tulipokuwa tukiyavusha majini kuyapeleka kiwandani. Yamesimama wima kwenye tope mpaka leo. Jasho letu lile, na aibu yetu, sasa linapigwa picha! Kuna Mcheki mmoja, Jaromír, fundi wa matairi, alidiriki kuniambia: "Babu, mlikuwa wazembe kweli kweli, ila mmetuachia kitu kizuri!" Mimi, mzembe! Korbinian tulimzika vuli iliyopita, hawezi kumjibu. Vinzenz amehamia kwa binti yake Graz na simu haisikii. Nikabaki mimi kujibu kwa niaba ya watatu, na nililomjibu haliandikiki katika barua ya ofisi.

3. Kituo cha tatu, Mtakatifu Nepomuk. Hapa nasema kama Mkatoliki. Nepomuk kazi yake mbinguni ni moja, kuwalinda watu wasife maji. Ninyi mkamchonga kwa jiwe, mkambariki, mkampigia matarumbeta, kisha mkamtosa ziwani ili wapiga mbizi wapate cha kukumbatia. Mlinzi wa wanaozama mmemzamisha wenyewe! Sasa naomba kujua: Mtakatifu Florian, wa jina lako, anayetukinga na moto, mtamchoma lini?

4. Wakiingia mkahawani hawafungi mlango.

5. Siri za kijiji. Babu zetu kila walichokichoka walikitupa ziwani, wakijua ziwa lina kina na halina mdomo. Sasa limepata midomo. Jaromír amelikuta jiko la chuma la marehemu mama yako, lile alilotuambia ameliuza Salzburg kwa bei nzuri. Anasema samaki amefanya makao kwenye oveni. Mkahawa mzima ulicheka, Florian. Nami nilicheka, lakini kwa uchungu.

6. Na hili ndilo lililonikaa kooni. Kila mtoto wa Steinwinkel anajua kwamba meza yetu sisi watatu, iliyo kando ya jiko la vigae, pale mkahawani kwa Zenzi, haikaliwi na mtu asiye wa meza hiyo. Askofu mwenyewe alipokuja aliketi mlangoni penye upepo, wala hakununa. Alhamisi moja mwezi Juni hawa watu wakaingia wakichuruzika maji, wakaketi. Kwenye kiti cha Korbinian! Zenzi badala ya kuwatimua akawaletea supu ya madonge ya ini. Nikawaambia kwa upole kwamba meza hii ina wenyewe. Renate akatazama huku na huku, akauliza: "Wako wapi?" Swali gani hilo la kumuuliza mtu mzima? Si nilikuwepo mimi? Kabla sijamaliza kukasirika, Jaromír akaziona karata zangu, akadai bibi yake alimfundisha mchezo wetu wa taroki, akazigawa bila kuombwa. Tangu siku hiyo ni kila Alhamisi. Akiwa na turufu anapiga meza ngumi, akiwa hana anapiga meza ngumi vilevile, na bia yangu inamwagika. Renate naye ananichungulia karata halafu ananipa ushauri kuhusu meno.

Kwa hiyo naomba vibao ving'olewe, Nepomuk aopolewe na kukaushwa, na anayetaka kupiga mbizi akapige kwenye beseni la kwao.

Nisalimie mkeo Gerlinde, mapacha, baba yako na ng'ombe wake, na yule karani wako asiyepokea simu.

Nabaki mtiifu kwa sheria na kwa ofisi yako,

Ägidius Loidl

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha hii Alhamisi jioni Zenzi akaja kunigongea. Renate na Jaromír wamesikia habari za kura, wanakusanya mitungi yao ya hewa, wamekuja kuaga. Florian, pigeni kura ya ndiyo. Barua siichani kwa sababu hoja ya Nepomuk ni ya kweli, lakini pigeni kura ya ndiyo, na waruhusuni hata majira ya baridi, barafu ikiganda nitaipasua mimi kwa shoka langu. Baridi iliyopita kila Alhamisi niliketi kwenye meza ile peke yangu, nikagawa karata za watu watatu, nikazicheza zote mimi. Nilikuwa nashinda kila mara. Sitaki tena.