Mbio za Kumkwepa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Nimeweka dau na Godoro. Godoro ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Anauza magodoro mtaa wa pili na umbo lake linaitangaza biashara. Jumamosi hii, kwenye kiwanja cha ndege cha zamani, kila mmoja na pikipiki yake. Atakayefikisha spidi kubwa ndiye mshindi. Atakayeshindwa atambeba Mama kila Jumamosi, mwaka mzima.

Mama ni mama yake yeye, mkwe wangu mimi. Mpaka sasa tumekuwa tukipokezana. Si mtu mbaya hata kidogo. Ila safari yake ya Jumamosi haina mwisho. Sokoni, kwa fundi cherehani, kwa mgonjwa, kwa aliyekuwa mgonjwa, kwa yule aliyeahidi kwenda kumwona mgonjwa. Njia nzima amefungua mwavuli na ananiambia polepole, baba, polepole. Wiki iliyopita tulipitwa na mtu anayesukuma toroli la maji. Alitusalimia vizuri, akaenda zake.

Na mimi ni kinyozi. Jumamosi ndiyo siku ya vichwa. Lazima nishinde.

Jumanne, 4 Juni

Siri ya spidi ni uzito. Nimeigundua mwenyewe nikiwa kazini, ndiyo maana mteja wa saa nne ameondoka na pamba sikioni.

Nimefungua vioo vyote viwili. Walio nyuma yangu hawanihusu. Nimefungua taa, honi, madgadi ya kukinga tope na sponji ya kiti. Fundi pikipiki, ambaye ndiye anayezihudumia pikipiki zote mbili na ndiye tuliyempa urefa, alipita akaniuliza kama nauza vipuri. Akasema pikipiki yangu haijawahi kuvuka themanini, hata siku ile ilipoteremka mlima peke yake. Nikamjibu kwamba ilikuwa haijapata mtu wa kuielewa.

Jioni nimeng'oa breki ya nyuma. Ni lichuma lizito, tena kazi yake yote ni kupinga jambo ninalolitafuta.

Jumatano, 5 Juni

Upepo! Nilikuwa nimeusahau upepo.

Nimenyoa kichwa, kipara kabisa. Nikasimama mbele ya feni. Bado kuna kitu kilikuwa kinashika upepo. Nikanyoa nyusi.

Mke wangu akaniuliza nitazirudisha lini. Kazini imekuwa taabu. Uso usio na nyusi unaonekana umeshtuka saa zote. Mteja mmoja alivua kofia, akaona nilivyomtazama, akavaa kofia yake na kuondoka. Mwingine ameniuliza mara tatu kama kuna kitu nimekiona kisogoni mwake.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemchokonoa fundi anieleze Godoro anajiandaaje. Ati amesafisha kabureta, ametia grisi mnyororo, amejaza upepo matairi. Basi. Nimecheka mpaka nikamhurumia. Fundi akanishauri na mimi nifanye hayo hayo. Nikamwambia akili ndogo hufanya mambo madogo. Akaokota spana yake akaenda zake, nadhani nilimgusa.

Maana mimi nina mpango mkubwa. Saa ya spidi inazungushwa na gurudumu la mbele. Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi kuliko kubwa. Kwa hiyo nikifunga gurudumu dogo, mshale utapanda juu kuliko kawaida, na spidi itaongezeka bila injini hata kujua!

Nimepata gurudumu la skuta kwa muuza vyuma chakavu. Limekaa. Breki ya mbele haikukubali kuingia, nikaiacha. Pikipiki sasa imeinamia mbele kama mbuzi anayekunywa maji, lakini hilo ni suala la urembo tu.

Ijumaa, 7 Juni

Jaribio limefana mno. Mbele ya duka la dawa mshale umegonga mia na ishirini. Mia na ishirini! Nilijisikia kulia.

Baiskeli moja ilinipita pale pale. Watu siku hizi wanaendesha ovyo.

Kusimama ndiko kulikonipa shida kidogo. Nilisimamia kwenye ukuta wa shule.

Jumamosi, 8 Juni

Hii lazima niiandike.

Tumefika kiwanjani asubuhi, mimi, Godoro na fundi. Fundi ameweka mapipa mawili mbali mbali na kutoa saa yake. Ati atapima muda kutoka pipa hadi pipa, halafu atapiga hesabu. Nikapinga kwa nguvu zote. Nikamwambia shahidi ni mshale. Fundi akatazama gurudumu langu la mbele, akasema mshale huo ni ndugu wa mshitakiwa. Godoro akacheka hadi tumbo likamchezacheza.

Tukiwa kwenye mabishano hayo, ikaingia bodaboda. Nyuma yake Mama, amefungua mwavuli. Sote wawili tulikuwa tumesahau kwamba leo ni Jumamosi! Alikuwa amekaa kibarazani na kikapu chake, akisubiri, mpaka akachoka, akatuulizia tulipo na kukodi bodaboda. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akaniuliza nyusi zangu zinaumwa nini.

Akauliza tunafanya nini pale. Mimi nikasema mazoezi. Godoro akasema matengenezo. Fundi, ambaye hawezi kumdanganya mtu mzima, akamweleza yote, dau na vituo vyake visivyoisha na toroli la maji.

Nilitamani ardhi inimeze. Mama alikaa kwenye pipa, akapakata kikapu chake. Nilijua ameumia. Hakutaka tu watoto wake wamwone. Kisha akasema kwamba kama mzigo wenyewe ni yeye, basi mbio ziende na mzigo. Kila mmoja ambebe, na fundi apime.

Godoro akatangulia. Wakapita kama risasi. Mwavuli haukufunguliwa, hapakuwa na nafasi. Fundi akapiga hesabu: themanini na nane.

Zamu yangu. Kwa kuwa sponji sikuwa nayo, Mama akakalia chuma. Kwa kuwa gurudumu la mbele ni dogo, tulipoondoka tu akaanza kuteremka. Akaja, akaja, akanifikia. Mama mkwe mzima, na kikapu chake, mgongoni mwangu! Sikujua mtu husema nini katika hali kama hiyo. Nikamwamkia tena. Akaitikia karibu kabisa na sikio langu.

Mshale ulisema mia na ishirini na tano. Kisha jua likamchoma akafungua mwavuli. Tulikuwa hatujafika pipa la pili. Pikipiki ikapungua, ikapungua, ikapita pipa kwa heshima zote, ikaingia kwenye nyasi na kulala. Kama si mwavuli huo tungekuwa tumeshavunja uzio, maana breki sikuwa nayo hata moja. Lakini kimashindano umeniua.

Thelathini na tisa. Nimekata rufaa. Fundi amesema rufaa ni siku za kazi.

Jumapili, 9 Juni

Sasa sikiliza maajabu. Mama ametuita wote nyumbani, ametoa hukumu. Amesema miaka yote hii alikuwa anasema polepole kwa sababu alidhani sisi ndio tunaogopa. Jana na mwanawe ameonja upepo, amejisikia msichana. Kuanzia sasa atabebwa na Godoro peke yake, kila Jumamosi, siku zote. Mimi amenishika bega, akaniambia baba, wewe nyoa vichwa vya watu, pikipiki si riziki yako.

Yaani nimeshindwa na nimepata! Godoro ameshinda na amebeba! Mke wangu amecheka hadi machozi. Ameniambia nishukuru, nifunge mdomo, nirudishe breki.

Nimemwambia nashukuru.

Jumamosi, 15 Juni

Jumamosi yangu ya kwanza ya uhuru. Duka limejaa. Nyusi zimeanza kuchipua. Nilikuwa na furaha kamili mpaka saa tano.

Saa tano Godoro akapita mbele ya duka kwa kasi, Mama nyuma yake, mwavuli kwapani. Akanipungia mkono. Alikuwa anacheka. Mteja niliyekuwa namnyoa akauliza kama yule si mkwe wangu, na mbona amenihama. Wote kwenye benchi wakanitazama. Iliniuma. Imeniuma kuliko nilivyotegemea. Mama huyo nimembeba miaka, hajawahi kucheka namna ile.

Nimefunga duka. Nimekwenda moja kwa moja kwa Godoro na kumwekea dau jipya. Mbio tena, Jumamosi ijayo. Nikishinda, Mama namchukua mimi, kila Jumamosi, maisha yangu yote. Nina mpango wa gurudumu la nyuma, safari hii hakuna atakayeugundua.

Godoro amekubali kabla sijamaliza kusema, akanikumbatia, akanipa na godoro la bure. Anaogopa huyo. Nimemwona.