Gari Langu Halina Kuvu

Jumatatu, 3 Novemba

Manyunyu tena. Mbingu imesahau kufunga bomba. Gari langu la kuishi (kitanda nyuma, jiko katikati, usukani mbele) limeloa ndani kuliko nje. Vioo vinatoka jasho. Chini ya godoro pameota kuvu nyeusi yenye manyoya, nilidhani ni paka.

Mkwe wangu kapiga simu. Eti kikohozi changu kinaletwa na kuvu. Eti Jumamosi anakuja na mwanangu kukagua, na wakiikuta, gari linauzwa, mama unahamia kwetu. Kwao! Chumba kinachopakana na choo, na supu isiyo na chumvi! Marehemu mume wangu aligeuza basi bovu kuwa nyumba kwa mikono yake. Humu nitatoka nimebebwa.

Jumanne, 4 Novemba

Nimetumia akili. Mvua iko nje. Ndani inaingiaje? Kwa matundu! Hilo halihitaji shule. Nimeziba kila upenyo kwa utepe wa gundi na matambara, madirisha yote, hata katundu ka chini ya sinki.

Jirani aishiye kwenye gari la pembeni alikuwa ananichungulia. Muuguzi mstaafu. Namwita Mama Kipimo, maana ametundika ukutani kidude cha kupima unyevu, anakitazama kama msichana anayesubiri barua ya mchumba. Kaniambia, mwenzangu, hayo maji si ya mvua, ni pumzi yako na masufuria yako. Acha hewa itoke, funika chungu, nguo kaanike kwenye kibanda cha nje. Nikamjibu pumzi yangu ni kavu, na aulize yeyote niliyewahi kumgombeza.

Karudi kwake. Nimesherehekea kwa kuchemsha maharage mchana kutwa. Nguo nimezianika juu ya kitanda. Raha iliyoje!

Jumatano, 5 Novemba

Nimeamshwa na tone puani. Dari lote linatiririka. Bila shaka kuna tundu nimelisahau. Nimeongeza utepe.

Kisha wazo! Chumvi hunywa maji, kila aliyewahi kuacha kopo wazi anajua. Nimejaza chumvi kwenye soksi za marehemu, nikazitundika kila mahali kama popo. Mama Kipimo kasema chumvi itakunywa, ndiyo, lakini itaishindaje sufuria inayotokota kutwa? Nimemwambia wivu hauna dawa, hata kwa muuguzi.

Alhamisi, 6 Novemba

Chumvi imekunywa! Imekunywa kama mlevi, kisha ikatapika. Soksi zote zinadondosha. Mto umelowa chepechepe, sukari imeharibika, na mimi nimeamka nimekolea kama samaki wa kukaushwa. Mama Kipimo kauliza kama niko salama. Nimemwambia naitibu ngozi.

Ijumaa, 7 Novemba

Kesho ndiyo kesho. Kuvu ipo, tena imepata watoto. Basi, isiyoondoka ifunikwe. Nimeipaka rangi nyeupe ukutani. Imevimba mapovu, sura yake kama ya mkwe wangu ninapoomba chumvi. Nikapanda stuli nipake na dari. Sakafu ilikuwa na maji ya chumvi. Stuli ikaenda upande wake. Nikadaka mfuniko wa tundu la hewa la darini, tukashuka sote wawili.

Mama Kipimo kaja mbio kwa kandambili. Kanikanda kiuno. Tundu kaliacha wazi, juu yake kafunga turubai kimshazari. Kang'oa tepe zote. Kasugua kuvu na rangi kwa siki. Kabeba nguo, soksi na godoro kwenda kuvikausha kwake, kanikataza kuwasha jiko, kaniletea chakula. Na hakucheka hata kidogo! Hapo ndipo nilipomchukia kabisa.

Jumamosi, 8 Novemba

Wamekuja. Mkwe kapitisha kidole kwenye kioo. Kikavu. Kainua godoro, lililorudishwa alfajiri. Kavu. Kanusa kona zote kama mbwa wa forodha. Nilikuwa nimeshika usukani wa marehemu kwa mikono miwili, kiuno kinawaka.

Kisha kasema, haya mama, baki kwako.

Jicho langu likaingiwa na kitu, nikageuka. Mwanangu kauliza siri ni nini. Nikasema, mwanangu, ni kuziba na chumvi. Mama Kipimo alikuwa mlangoni na bakuli. Kanitazama. Mimi nikatazama bakuli. Walipoondoka kaniambia, bibi wewe mwongo, lakini kiuno kikikuuma niite. Mtu wa ajabu. Hana kinyongo, wala hakujitetea.

Jumapili, 9 Novemba

Nimepona. Nimeweka mfuniko wa darini na kuuzungushia utepe mpya, hewa haipenyi hata kwa dua. Chumvi mpya, soksi mpya. Maharage yako motoni, mashuka yako kwenye kamba. Mama Kipimo kagonga kuniangalia. Nimemwambia aingie upesi na afunge mlango, ananiletea unyevu. Tena nimejitolea kwenda kumzibia na kwake, nisionekane mchoyo wa elimu. Kakataa. Wasomi hao!

Dirisha la jikoni limeanza kutiririka. Machozi ya furaha, hayo.