Vidonge kwenye Kopo la Ugoro

Jumatatu, 3 Machi
Nimepimwa, sina virusi. Nesi amenipa dawa kinga: kidonge kila siku, VVU visinipate. Akasema hakuna haja ya kuficha, wanaomeza ni wazima. Rahisi kwake. Chupa inalia kama njuga, na nalala chumba kimoja na binamu yangu Mancoba, mdomo wa Manzini nzima. Na mpenzi wangu Ncobile ndiyo kwanza amenikubali. Akisikia nina vidonge, ataniona mgonjwa.

Jumanne, 4 Machi
Nimejaza pamba kwenye chupa. Kimya. Mancoba kaiona hata hivyo. Nikamwambia ni dawa ya minyoo. Akasema kumbe ndiyo maana nyama haikai sufuriani.

Jumatano, 5 Machi
Nimehamishia vidonge kwenye kopo la ugoro, nikalilalia. Nani atafungua ugoro wa mtu?

Alhamisi, 6 Machi
Bibi, aliyekuja jana kutoka Hluti, amenikuta nimeinamia kopo, macho nimefumba, nameza. Akapiga magoti. Kwetu ugoro ni sadaka ya mizimu, na kijana asiyeunusa kuulalia! Mizimu inaniita niwe mganga. Akauliza kwa upole tangu lini. Uganga au vidonge? Nikajibu tangu Jumatatu.

Ijumaa, 7 Machi
Mbuzi mweupe yuko uani. Sherehe ni Jumatatu, kisha naenda mafunzoni, nipakwe udongo mwekundu kichwani. Bibi ameongeza kuwa mwanafunzi wa uganga hagusi mwanamke mpaka ahitimu. Hilo sikulijua.

Jumamosi, 8 Machi
Mancoba amemwambia Ncobile habari za uganga, naye akaja mbio. Nilimpeleka nyuma ya nyumba, nikafungua kopo, nikakiri. Akatoa chupa mkobani, sawasawa na yangu, inalia njuga. "Simelane, mimi nameza tangu mwaka jana, na mama anajua. Wewe unamwogopa nani? Kamwambie Bibi kesho. La sivyo, bwana mganga, kamwoe mbuzi wako."

Jumapili, 9 Machi
Nilikwenda kusema kweli. Bibi alikuwa anatunga shanga, ana furaha sana. Nikamwambia mizimu imekosea kitanda: inamtaka Mancoba, atazame chini ya mto wake. Kopo likapatikana. Nililiweka mwenyewe. Mancoba analia, Bibi anaimba, sherehe ya kesho iko palepale. Ncobile nitamweleza taratibu.
Vidonge viko salama, kwenye bati la biskuti za wageni. Hapa kwetu halifunguliwi mpaka kuwe na sherehe.