Saruji Yangu na Udongo wa Mama Mkwe

Ndugu yangu Anyosisye na wenzako wote hapo Mbeya, leo nimeadhirika. Tena kanisani. Tena mbele ya mama mkwe! Nawaandikia mimi mwenyewe kabla watu wa basi hawajawaletea habari ikiwa imetiwa chumvi (ingawa hii haihitaji chumvi).

Mnakumbuka nilivyorudi kwetu mwaka juzi. Nilirudi na pima maji, mwiko wa chuma na mdomo. Nilikuwa nimejenga nyumba za serikali pamoja nanyi, nani wa kuniambia kitu? Kanisa letu hapa milimani, juu ya Ilula, lilijengwa wakati wa Wajerumani kwa matofali mabichi na udongo. Kila mwaka mvua zikiisha, akina mama hulisiriba upya kwa udongo, samadi na viganja vyao. Kiongozi wao ni Mama Salome, aliyemzaa mke wangu.

Basi mwaka jana nikawaambia wazee wa kanisa, "Udongo ni mambo ya zamani. Nipeni saruji nipige lipu ukuta mmoja tu, mjionee."

Wakanipa mifuko sita. Ukuta ulinyooka, jamani! Nilikuwa napita mbele yake kila jioni bila shughuli yoyote. Mchungaji aliyekuwepo aliusifu hata kwenye mahubiri.

Huyo sasa amehamia Rujewa, na mchungaji mpya ana mawazo mengine. Anasema kanisa la kale litengenezwe kwa vitu vilevile lilivyojengwa navyo. (Mtu amesoma miaka yote hiyo, halafu anatetea samadi!) Wazee wakaamua mvua zipite, kisha kuta zikaguliwe. Saruji ikishinda, kanisa zima ni langu, kazi ya miezi minne. Mke wangu nilishamwahidi nyumba ya bati.

Ukaguzi ndio ulikuwa leo. Nikavaa viatu vipya vya ngozi nilivyonunua Iringa mjini. (Kumbukeni hivyo viatu.)

Ukuta wa akina mama ulikuwa na nyufa mbili ndogo na alama za vidole kila mahali. Nikachekea puani. Tukazunguka upande wangu. Pale chini akina mama walikuwa wamechimba shimo lao, wakaloweka udongo na samadi tangu Alhamisi. Nikasimama katikati, ukuta mbele, shimo nyuma, nikaanza kuhubiri.

"Ukuta huu hata tembo ajikune, hautikisiki."

Mzee Yoramu, katibu wa kanisa, akainama. "Mbona huku chini pana majimaji?"

"Umande huo, mzee."

"Na hapa mbona umevimba?"

"Ni kivuli."

Sasa nani alinituma kuupiga ukuta kofi? Nikapiga. Ukaitika bo! kama debe tupu. Watu wakatazamana. Nikapiga la pili ili kufuta lile la kwanza.

Saruji ikabanduka nzima, kutoka dirishani hadi chini, kama ukoko unavyotoka kwenye chungu. Nikaruka nyuma. Nyuma palikuwa na shimo.

Nilizama hadi magotini. Nikajaribu kutoka, nikakaa. Samadi ya siku tatu, ndugu zangu! Mzee Yoramu alicheka mpaka akashikilia mti. Mchungaji alikuwa anakohoa kwenye leso (eti kikohozi).

Aliyekuja ni mama mkwe peke yake, na jembe mkononi. Nanyi mnajua kwetu mtu na mama mkwe wake hawagusani hata mkono, na maneno mazito hupitia kwa mtu wa tatu. Akageuza uso kuelekea milimani, akaninyooshea mpini.

"Mwambieni mkwe wangu ashike."

"Mwambieni mama nimeshika."

"Mwambieni asivute kwa hasira. Ainue kisigino kwanza."

Hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Wote walikuwa wanacheka! Nikainua kisigino, nikatoka. Kiatu cha kushoto hakikutoka.

Kisha mama mkwe akaenda ukutani, akabonyeza pale saruji ilipobanduka. Kidole kikazama chote. Maji yaliingilia juu, yakakosa pa kutokea, matofali yakalainika kama uji.

"Mwambieni mkwe, ukuta wa udongo unahema. Yeye ameuvalisha koti la mvua, akafunga na vifungo."

Juu kidogo, palipobaki pakavu, alama za vidole vya akina mama, za kabla ya saruji yangu, zilikuwa zingalipo, hazikufutika. Hapo sikuwa na mzaha tena. Niliona aibu ya kweli, maana mwaka mwingine mmoja wa saruji yangu na ukuta ungelala chini, pengine na watu ndani.

Kazi ya miezi minne wakapewa akina mama. Nikaokota pima maji yangu niondoke.

"Mwambieni mkwe asubiri," akasema mama mkwe. "Msingi wa mawe umefumuka, na sisi mawe hatuyajui. Halafu tunataka mtu wa kukanyaga udongo. Naona miguu yake imeshazoea."

Kwa hiyo kazi ninayo. Miezi minne ileile, chini ya mama mkwe! Na mtashangaa, moyo wangu mweupe. Jioni ameniletea mwenyewe kuku wa kuchemsha, akamweka mlangoni, akamwambia mke wangu amwambie mkwe ale ashibe. Bati litapatikana tu.

Mchana akina mama walianza kusiriba upande wao kwa udongo wa shimo lilelile. Kiatu hakijaonekana. Basi mkija Pasaka ijayo mkaona ukuta wa kanisa umevimba kidogo karibu na mlango, msiulize. Na tafadhali, msipige kofi.